Gunia Moja la Mawe: Pesa ya Dhahabu Inavyopotea Kabla ya Kufika Nyumbani

Hotuba kwa viongozi wa vyama vya wachimbaji, maafisa wa wodi na wahudumu wa afya ya jamii kutoka Migori, Siaya, Kakamega na Vihiga. Kisumu.

Wazee wetu, akina mama, vijana mlioacha zamu ya usiku ili muwahi gari la alfajiri, maafisa wa kaunti, wahudumu wa afya ya jamii: hamjambo nyote, na poleni kwa safari. Wa Macalder na Osiri, kule Nyatike, mmetoka mbali zaidi, na tunawashukuru.

Hapa mezani kuna gunia. Ni gunia la kawaida la mahindi, limetiwa mawe ya mgodi mpaka kilo 50, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani. Asubuhi hii tutalifuata kutoka linapotolewa shimoni mpaka pesa yake inapoingia nyumbani, na kila linapopita tutauliza: hapa kimebaki nini, na amebaki nacho nani? Mara nyingi tunasema watu wa migodini ni maskini kwa sababu dhahabu imepungua, au kwa sababu vijana wanakunywa pesa. Yapo hayo. Lakini sehemu kubwa ya pesa hupotea kabla kijana hajaishika mkononi, na hupotea mahali panapojulikana, kwa kiasi kinachoweza kupimwa.

Kwanza tuondoe neno moja linalotuponza, wastani. Chukua nyumba 10 zilizozunguka mgodi. Tisa kati ya hizo kila moja inapata Sh9,000 kwa mwezi. Ya kumi ni ya mwenye mashine ya kusaga, anapata Sh120,000. Ukijumlisha na kugawa kwa 10, wastani ni Sh20,100. Afisa akiandika hivyo kwenye ripoti, wodi hiyo itaonekana iko sawa, pengine inashinda wodi ya wakulima iliyo jirani. Lakini hakuna nyumba hata moja inayopata Sh20,100. Zipange nyumba hizo kutoka ya chini hadi ya juu, kisha tazama ya katikati: Sh9,000. Kwenye sehemu ya madini tumia kipimo hicho cha katikati, kwa sababu madini ndiyo kazi inayotajirisha wawili watatu na kuwaacha wengine wakiponda mawe. Maafisa wa wodi, msikubali kupeleka wastani peke yake.

Tena, Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, halipimi umaskini kwa mapato. Linapima matumizi: nyumba imekula nini na imenunua nini, pamoja na kile ilichojilimia. Katika uchunguzi wa 2015/16 mstari wa umaskini mashambani ulikuwa Sh3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Mtoto hahesabiwi sawa na mtu mzima. Aliye chini ya miaka 5 huhesabiwa 0.24, wa miaka 5 hadi 14 huhesabiwa 0.65, na kuanzia miaka 15 ni 1 kamili. Sasa weka nyumba ya baba, mama, watoto watatu wa shule ya msingi na mmoja anayenyonya. Watu wazima ni 2, watoto watatu ni 1.95, mchanga ni 0.24. Jumla 4.19. Zidisha kwa Sh3,252, unapata kama Sh13,626 kwa mwezi. Hiyo ni kwa bei za miaka hiyo, na kila aliye hapa anajua unga, mafuta na nauli vimefika wapi tangu wakati huo. Ishikeni namba hiyo, 13,626, maana tutaipimia gunia letu.

Turudi shimoni.

Gunia linapofika juu halina mwenyewe mmoja. Kuna mwenye shamba. Kuna mwenye shimo, yule aliyetoa pesa ya magogo ya kuegemeza kuta, kamba, pampu, mafuta ya jenereta na chakula cha wachimbaji miezi ile ya kutafuta mwamba. Halafu kuna wachimbaji wenyewe. Mgawanyo hutofautiana shimo kwa shimo, na karibu kila mahali ni wa mdomo tu. Tuchukue mfano wa hesabu, si takwimu ya mahali popote: shimo lina wachimbaji 6, limetoa magunia 30 kwa wiki. Mwenye shamba anachukua 3, mwenye shimo 12, yanabaki 15. Kila mchimbaji ana magunia mawili na nusu.

Hapa pana uvujaji wa kwanza. Ni nani huchagua gunia lipi ni la nani? Mawe hayafanani. Lililotoka kwenye mshipa wenyewe wa mwamba mweupe linaweza kushinda mara nyingi lile la pembeni. Akichagua mwenye shimo kwanza, mchimbaji anagawiwa kifusi. Njia iliyo safi ni kumwaga mawe yote chini, kuyavunja yawe kama ngumi, kuyachanganya kwa sepetu, halafu kugawa ndoo kwa ndoo kwa zamu: moja yako, moja yangu. Inachukua saa nzima, na wenye haraka hawaipendi. Lakini chama kinachofanya hivyo hakina ugomvi wa usiku, na kinaweza kuandika mgawanyo kwenye karatasi, kila mtu akaweka kidole.

Pili, kabla ya mashine kuna mikono ya akina mama. Katika machimbo mengi ya Nyanza bado kuna imani kwamba mwanamke akishuka shimoni dhahabu inakimbia, kwa hiyo kazi yake iko juu: kuponda, kuteka maji, kupika, kuosha. Anaketi chini, jiwe kubwa mbele yake, nyundo mkononi, kipande cha mpira wa baiskeli kikizunguka jiwe ili vipande visiruke. Analipwa kwa gorogoro au kwa karai. Kwenye gorogoro ndipo anapunjwa, na ni jambo dogo mno hata halisemwi: kipimo hujazwa kikawa na kilele. Jaribuni wenyewe. Jaza gorogoro 8 zenye kilele, pangusa kila kilele kwa kijiti ukimwage kwenye gorogoro tupu ya pembeni, mwone kama haikujaa. Hiyo ni kazi ya mkono iliyofanywa bure, kila siku, na mtu ambaye ujira wake ndio unaonunua omena na sukuma ya jioni. Dawa yake ni kijiti cha kupangusia, kiwekwe pale pale penye kipimo, na malipo yawe ya gorogoro iliyopanguswa.

Na vumbi. Mwamba huu ni wa kwatzi, vumbi lake ni silika, na mapafu hayalitoi likishaingia. Linajenga makovu, pumzi inapungua, kifua kikuu kinapata mlango. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba. Wahudumu wa afya, mkikutana na mtu wa mgodini anayekohoa, aliyetumia dawa za kifua kikuu akamaliza na bado anahema, andikeni kwenye rufaa kazi aliyofanya na kwa miaka mingapi, ili daktari ajue cha kutafuta. Leso mdomoni haizuii vumbi hili, wala barakoa nyembamba ya karatasi. Kinachosaidia kwa pesa kidogo ni maji: lowesha mawe kabla ya kuyaponda, keti upepo ukiwa mgongoni, na mtoto asiwekwe pembeni ya rundo.

Sasa gunia limefika kwenye mashine, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi kuliko zote inapobaki.

Mawe yakisagwa yanakuwa unga. Unga unachanganywa na maji, unamwagwa juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa zulia au blanketi kuukuu. Dhahabu ni nzito, inashika kwenye nyuzi. Mchanga mwepesi unaenda na maji. Zulia linaoshwa kwenye karai, makinikia yanabaki chini. Kila mmoja wenu anaijua kazi hiyo. Tuulize sasa: kati ya dhahabu iliyokuwa kwenye gunia, zulia limekamata ngapi?

Tuseme mwamba wetu una gramu 10 za dhahabu kwa tani moja. Tani ni magunia 20 kama haya, kwa hiyo gunia moja lina nusu gramu, yaani pointi 5. Kwa njia ya zulia na zebaki, machimbo mengi madogo hukamata chini ya nusu. Tuseme 40 kwa 100. Umepata pointi 2. Pointi 3 zimekwenda na mchanga, na mchanga umebaki kwenye uwanja wa mwenye mashine. Yeye anauacha unakauka, anaukusanya miezi kadhaa, kisha anaupitisha kwenye matangi ya sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, au anauuza kwa mwenye matangi. Mahali pengine hata bei ya kusagia ni ya chini kwa makusudi: saga kwa bei nafuu, ila mchanga ni wangu. Mchimbaji anashukuru kwamba amesaidiwa.

Tufanye hesabu yake. Mchimbaji wetu ana magunia 2.5 kwa wiki. Pointi 5. Tuseme mnunuzi wa mgodini anatoa Sh800 kwa pointi: Sh4,000. Toa kuponda, bodaboda ya kubebea, maji na kusaga, tuseme Sh480 kwa gunia, ni Sh1,200. Zinabaki Sh2,800. Kwa wiki nne, Sh11,200. Mstari wetu ulikuwa Sh13,626. Mtu huyu amefanya kazi mwezi mzima bila kuumia, shimo halikujaa maji, mwamba haukukatika, na bado nyumba yake iko chini ya mstari wa miaka mingi iliyopita. Na kwenye mchanga wake zimebaki pointi 7.5 kila wiki. Kwa bei ile ile ni Sh6,000 kwa wiki, Sh24,000 kwa mwezi. Alichokiacha ni mara mbili ya alichobeba.

Ni kweli matangi hayakamati yote, na kemikali, pampu na vibarua vina gharama. Hatusemi mwenye matangi atoe zote. Lakini akitoa theluthi tu ya thamani hiyo, ni Sh8,000, na nyumba imefika Sh19,200. Hakuna mradi wa kuku wala wa mbuzi utakaoipa nyumba hiyo Sh8,000 kwa mwezi kwa urahisi huo. Kwa hiyo mkataba wa kwanza ambao chama kinapaswa kuutafuta si wa bei ya dhahabu. Ni wa mchanga: upimwe kilo ngapi, uwekwe rundo lenye jina la chama, na siku ukiuzwa chama kiwepo.

Lakini kabla ya mkataba, punguza kinachopotea kwenye ubao wenyewe. Sababu za kupoteza ni chache na zote zinaonekana kwa macho. Unga wenye chembe kubwa: dhahabu bado imefungwa ndani ya jiwe, zulia haliwezi kuishika. Pitisha unga kwenye chekeche, kinachobaki juu kirudi mashineni. Ubao umesimama mno: maji yanakimbia na kubeba dhahabu laini, ile iliyo kama poda. Ulaze kidogo, punguza maji, unga uingie polepole ukiwa uji na si kwa kumwagwa karai zima kwa mpigo. Zulia limejaa: likishajaa mchanga mzito mweusi halishiki tena, kila kinachofuata kinapita juu yake. Lioshe mara nyingi, gunia kwa gunia kama unaweza. Na kama mawe yana madini ya manjano yanayong'aa na harufu ya salfa yanapochomwa, dhahabu nyingine imefungwa humo ndani na zulia halitaipata hata ufanyeje. Hapo ndipo mchanga wako una thamani zaidi, usiuache bure.

Kipimo chake ni rahisi. Chota karai moja ya mchanga unaotoka mwisho wa ubao, uoshe kwa mkono polepole. Ukiona mkia wa dhahabu kwenye karai, ubao wako unavuja. Fanya hivyo asubuhi na mchana, maana mara nyingi ubao huwa sawa asubuhi na huharibika mchana watu wakishachoka.

Zebaki, ile mnayoiita mekyuri. Inamwagwa kwenye makinikia, inakorogwa kwa mkono mtupu, inakumbatia dhahabu, kisha inakamuliwa kwenye kitambaa mpaka kinabaki kidonge cha rangi ya fedha. Kitazameni vizuri kidonge hicho: karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Kikichomwa juu ya jiko la makaa, nusu hiyo yote inapanda kama mvuke usioonekana. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na jiko la makaa hufika hapo bila shida. Mvuke unaingia kwenye mapafu ya anayechoma na ya mtoto aliye mlango wa pili, unashika kwenye paa la mabati, mvua inaushusha kwenye tangi la maji ya kunywa. Unaofika mtoni na ziwani unageuzwa na vijidudu vya matopeni kuwa aina inayoingia kwenye samaki. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Kenya iko ndani ya Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa wa kudhibiti zebaki, na mkataba huo unataja wazi mambo manne ya kukomeshwa: kutia zebaki kwenye unga wote badala ya makinikia, kuchoma kidonge hadharani, kuchomea penye makazi, na kupeleka kwenye sianidi mchanga wenye zebaki ambayo haijatolewa kwanza. Hilo la nne linahusu ule mchanga tuliouzungumza, kwa sababu sianidi huyeyusha zebaki na kuisafirisha mbali.

Lakini leo tunazungumza pesa, na zebaki ni deni. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayeileta, bure. Haina bei, ina sharti: dhahabu yako ni yangu, kwa bei yangu. Kikombe kile kidogo ndicho kinachofunga mchimbaji asizunguke kuuliza bei kwingine. Ukichomea ndani ya ritoti, yaani chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linaloteremka, mvuke unapoa kwenye bomba na zebaki karibu yote inarudi, zaidi ya 90 kwa 100. Ukiwa na zebaki yako, huna haja ya kikombe cha mtu. Angalia mambo mawili tu. Mdomo wa bomba uguse maji lakini usizame, kwa sababu chungu kikianza kupoa hufyonza, na maji yakiingia kwenye chuma cha moto kinaweza kupasuka. Na usifungue kabla hakijapoa kabisa, hata kama mnunuzi amesimama hapo anaangalia saa. Kwa makinikia yaliyooshwa sana, kuna wanaoyeyusha kwa boraksi, unga unaosaidia dhahabu kuyeyuka, bila zebaki hata tone. Inahitaji uvumilivu wa kuosha na moto mkali, na haifai makinikia machafu.

Sasa mizani.

Mizani ya mnunuzi husoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Umeweka dhahabu yako, kioo kinasoma 0.57. Yeye anasema, "Pointi tano." Ile 7 ya mwisho imekwenda wapi? Ni 0.07 kwa 0.57, zaidi ya 12 kwa 100 ya dhahabu yako, na hakuna aliyeiba kwa macho ya mtu yeyote. Wachimbaji wawili wakiuza pamoja hasara hiyo inapungua, wakiuza 10 pamoja karibu inaisha, kwa sababu hukatwa mara moja tu. Hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kuuza kama chama.

Mizani huchezewa pia kwa meza iliyoinama, kwa upepo wa mlangoni, kwa betri iliyochoka. Nunueni jiwe la kipimo la gramu 10, likae kwa mweka hazina. Kabla ya kuuza, liweke kwenye mizani ya mnunuzi. Ikisoma pungufu, mizani ina kasoro na afisa wa mizani na vipimo wa kaunti anapaswa kuijua. Mizani yoyote ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri.

Halafu usafi. Dhahabu yetu huja imechanganyika na fedha. Mnunuzi anaitazama, anaisugua, anatamka namba kichwani mwake. Ninyi mnaweza kuipima kwa maji. Pima kipande kikiwa kikavu, tuseme gramu 10. Kifunge kwa uzi mwembamba, kiache kining'inie ndani ya glasi ya maji bila kugusa chini wala pembeni, upime uzito kinapokuwa majini. Kikipungua gramu 0.60, gawa 10 kwa 0.60, unapata 16.7. Dhahabu safi ni 19.3, fedha ni 10.5. Kwa kipande cha dhahabu na fedha, 16.7 ni usafi wa karibu 81 kwa 100. Kadiri kinavyopungua kidogo majini ndivyo kilivyo safi. Kipande kidogo cha pointi mbili hakipimiki hivyo, tofauti yake haionekani kwenye mizani, na hiyo ni sababu nyingine ya kukusanya kabla ya kuuza. Na bei ya dunia hutangazwa kwa wakia ya gramu 31.1, si kwa gramu. Gawa kwa 31.1, zidisha kwa usafi wako, ndipo ujue mnunuzi anakata ngapi. Atakata, ana nauli na hatari zake. Lakini ujue anakata ngapi.

Tumefika nyumbani, na pesa ni ile ile kidogo, ila sasa kuna kalenda. Ule mwezi wa Sh11,200 haurudi mara 12. Mvua ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, hujaza mashimo, na wengi hurudi shambani kupanda. Shimo jipya linaweza kuchukua miezi mitatu kabla ya kugusa mwamba. Tuseme miezi 7 ya kazi kwa mwaka: ni Sh78,400, na ukiigawa kwa 12 ni Sh6,533. Hiyo ndiyo hali ya nyumba, si ya mwezi mmoja mzuri. Mhula wa pili wa shule unafunguliwa mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, mashimo yakiwa yamejaa maji na ghala likiwa tupu. Mwalimu mkuu akishangaa kwa nini watoto wa mgodini hupungua mhula huo, jibu ni hilo. Na mtoto aliyekaa nyumbani wiki mbili akiponda mawe huanza kupata pesa yake mwenyewe, na kumrudisha darasani ni kazi nyingine.

Kwa hiyo akiba ya mchimbaji iwekwe Januari na Februari kukiwa kavu, na iwekwe kwa mawe. Pesa ikishafika mfukoni ina wengi wanaoisubiri. Vyama vijaribu gunia la kumi: kila magunia 10 yanayokuja kwa wachimbaji, moja linasagwa kwa jina la chama, na dhahabu yake inaingia kwenye akaunti ya chama kabla ya kugawana. Watu 10 wanatosha kusajili ushirika. Kutokana na akiba hiyo lipeni kwanza bima ya afya ya SHA, ambayo kwa kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi na kwa asiyeajiriwa hulipwa ya mwaka, Sh3,600. Nyumba ikikosa Sh3,600 hizo, mguu uliopondwa na jiwe huifanya iuze ng'ombe.

Kuhusu kibali, kwa ufupi. Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo, inaweka kamati katika kila kaunti, na kibali chake ni cha miaka mitatu. Sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha, yaani malipo yanayotozwa kwenye madini yanayouzwa: 70 kwa 100 serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii inayozunguka mgodi. Lakini dhahabu inayouzwa mfukoni bila karatasi haina mrabaha, na 10 ya jamii kutokana nayo ni 10 ya sifuri. Mnaouliza pesa ya jamii iko wapi, anzeni kwa kuuliza dhahabu yenu imeandikwa wapi. Tusisahau pia yaliyotangulia. Dhahabu ya Kakamega ilipovuma, sheria ya ardhi ya wenyeji ilibadilishwa mwaka 1932 ili ardhi ichukuliwe bila kutoa nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, wa Macalder 1966. Kampuni ziliondoka na vitabu vyake vya hesabu. Wenyeji walibaki na mashimo, na hawakuwa na daftari hata moja.

Basi daftari. Mmepewa kila chama moja, la mistari, kurasa 96. Safu ya kwanza tarehe. Ya pili magunia yaliyotoka. Ya tatu mgawanyo: shamba, shimo, wachimbaji. Ya nne gorogoro zilizopondwa na jina la mama aliyeponda. Ya tano kilo zilizosagwa. Ya sita dhahabu iliyopatikana, kwa tarakimu zote mbili baada ya nukta. Ya saba bei na aliyenunua. Ya nane, iandikwe kwa kalamu nyekundu, ni kilo za mchanga uliobaki na uwanja ulikobaki. Daftari lishikwe na anayejua kusoma lakini asiye mwenye shimo wala mwenye mashine, na Jumamosi lisomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa lugha ya pale.

Mizani, glasi, uzi na jiwe la gramu 10 viko hapa pembeni ya gunia. Kila chama kitoe watu wawili, mmoja wao mama, waje wapime kwa mikono yao. Nyatike waanze, wana safari ndefu ya kurudi.